Kwanza Jani, Kisha Ua: Bustani ya Vipepeo Uani Kwako Malindi

Mdimu wangu ulikuwa umetimiza mwaka wa tatu nilipokuta majani yake ya juu yamegugunwa, yamebaki vishipa. Juu ya vijiti palikuwa na vitu vidogo vya kahawia vyenye baka jeupe mgongoni, nikadhani ni mavi ya ndege mpaka kimoja kilipojongea. Nikachuma majani ya mwarobaini, nikayatwanga, nikayaloweka usiku kucha, na asubuhi nikaunyunyizia mti mzima. Siku ya tatu hapakuwa na kiwavi hata mmoja. Nilifurahi. Miezi ikapita ndipo nilipotanabahi kuwa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, aliyezoea kupita uani kwetu kila siku jua likipanda, haji tena.

Nilikuwa nimewaua wanawe.

Naandika haya kwa mwenye uani mdogo kama wangu, hapa Malindi, au Lamu, au kokote pwani ambako bado kuna ardhi kidogo kati ya nyumba na nyumba. Mtu akitaka vipepeo, mara nyingi hukimbilia kununua maua. Maua ni kama mkahawa wa stendi: kipepeo hutua, hunywa, huenda zake. Akitafuta pa kutaga, halitazami ua. Anatafuta jani, tena jani la mmea maalumu ambao mwanawe ataweza kuula, maana kiwavi wa mdimu ukimweka juu ya mchicha atakufa njaa amezungukwa na chakula. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: kwanza jani, kisha ua.

Sisi wa Malindi tuna bahati. Kilomita kama 15 kusini mwetu ni Gede, na hapo hapo unaanza msitu wa Arabuko-Sokoke, wa kilomita za mraba 420 hivi, mkubwa kuliko misitu yote ya aina yake iliyosalia katika pwani ya Afrika Mashariki. Aina za vipepeo zilizohesabiwa humo zimepita 250. Kwenye magofu ya Gede upo mradi wa Kipepeo, chini ya Makavazi ya Kitaifa. Tangu 1993 unanunua pupa, yaani viwavi waliokwisha kujifunga ndani ya ganda wangoje kuwa vipepeo, kwa wakulima wanaopakana na msitu na kuzipeleka kwenye maonyesho ya vipepeo hai ng'ambo. Nenda ukawatazame. Utaona jinsi kazi yao kubwa ilivyo kupanda na kukata majani. Anayefuga vipepeo hufuga majani.

KABLA YA JEMBE, KAA UANI

Chagua siku usiyokuwa na shughuli, tia kigoda uani, utazame jua linapopiga na upepo unapotokea. Mwili wa kipepeo haujipashi joto wenyewe. Hulitegemea jua, ndiyo maana asubuhi utamwona ametua ametandaza mabawa, haruki wala hali. Tafuta sehemu inayopata jua tangu asubuhi hadi adhuhuri angalau. Mita 6 kwa 4 zinatosha kabisa. Hata robo ya hiyo inatosha, ukipanda kwa akili.

Upepo ni neno jingine. Kusi likikaza, kuanzia mwezi wa Mei mpaka Agosti, kipepeo hawezi kunywa kwenye ua linaloyumbayumba, na majani machanga yanaungua kwa chumvi ya bahari. Kinga upande wa kusini na wa bahari. Ukuta wa matofali haufai sana kama watu wanavyodhani: upepo huuruka na kuanguka ndani kwa nguvu zote. Uzio wa makuti ni bora, kwa kuwa huuchuja. Safu ya vichaka ni bora zaidi, maana vichaka vyenyewe vitaliwa na kutagiwa.

Wa Lamu mjini, wenye nyumba za mawe na kiwanda, yaani uwanja mdogo wa ndani, upepo kwao umekwisha kukingwa na kuta. Wanachokosa ni jua. Pandeni kwenye vyungu na mvipandishe juu kwenye sakafu ya paa, au mvisogeze kiwandani vifuate jua. Mdimu huishi vizuri ndani ya pipa lililokatwa nusu. Asumini na mrehani ndio usiseme, vimo kwenye viwanda vya Lamu tangu enzi za bibi zetu.

UDONGO NA MAJI

Hapa nitapita upesi. Chimba mwezi wa Machi, panda mvua za masika zikishika mwezi wa Aprili. Ukichelewa, ngoja vuli, Oktoba au Novemba. Usipande Januari ukajitia utumwa wa kumwagilia. Kwa mti, shimo la sentimita 60 kila upande, debe moja la samadi iliyooza vizuri ukichanganya na udongo wa juu. Samadi mbichi huunguza mizizi. Juu ya ardhi tandaza makumbi ya nazi, upande wa nyuzi ukitazama chini. Yanashika unyevu, na chini yake watajificha jongoo, mijusi na vyura.

Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi. Minazi huvumilia, mdimu hauvumilii. Kinga maji ya mvua. Bati la mita 5 kwa 8, mvua ikinyesha milimita 10 tu, linateremsha lita 400, yaani mapipa mawili. Funika mapipa kwa kitambaa cha chandarua ili mbu wasizaliane.

MAJANI YA KULELEA

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa.

Anza na mdimu, au mchungwa, au mlimau, vyote vya ukoo mmoja. Huyo kipepeo mkubwa mweusi niliyemtaja, wataalamu humwita Papilio demodocus, hutaga mayai yake mojamoja, ya manjano hafifu, madogo kuliko punje ya uwele, juu ya majani machanga. Baada ya siku tano hivi hutoka kiwavi anayefanana na mavi ya ndege, na hiyo ndiyo hila yake, kwa sababu ndege anayewinda wadudu hashughuliki na mavi. Akikua hugeuka kijani kibichi. Mguse kidogo tu na kijiti: atatoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Hazichomi, haziumi. Watoto wangu huita rafiki zao waje kuona.

Panda midimu miwili, mmoja wako na mmoja wao. Viwavi wakizidi kwenye ule wako, kata jani pamoja na kiwavi aliye juu yake, ulibane kwenye tawi la ule wao. Atahama mwenyewe jani likinyauka. Usimbandue kwa vidole, ameshika kwa nguvu na utamchana miguu. Mche usiofika gotini usiuachie viwavi hata kidogo, wataumaliza. Mti mkubwa unaweza kulea viwavi kumi na bado ukakupa ndimu za kachumbari mwaka mzima. Nimehakikisha.

Jirani yangu, mama mmoja wa Kigiriama aliyenizidi umri sana, aliingia siku moja akaona mdimu ule umetobokatoboka.

"Mwanangu, mbona huupigi dawa?"

"Hawa ni vipepeo, mama. Nawalea."

Akainama, akamtazama kiwavi kwa kitambo. "Basi kwangu kuna talakushe uani tele, na kila mwaka nawaona wale wa buluu. Kumbe ndiko wanakozaliwa?"

Ndiko. Talakushe, mboga ile ya mwituni yenye maua madogo meupe au ya zambarau, inayomea yenyewe mvua ikinyesha na tunayoipika kwa tui, ni mlezi wa kipepeo mmoja mdogo mweusi mwenye doa la buluu ling'aalo juu ya kila bawa la nyuma. Jina lake la kitaalamu ni Junonia oenone. Mboga hii hatuipandi, tunaing'oa kama magugu. Mwachie kipande cha mita moja kando ya uzio, uchume juu na uache chini. Utakula wewe, atakula na yeye.

Pembeni yake acha tako la hasani litambae, lile gugu lenye majani manene yanayojaa maji. Hili na lile talakushe hulea kipepeo ambaye kwa maoni yangu ndiye wa ajabu kuliko wote wanaofika mjini. Dume lake ni jeusi, na kila bawa lina doa kubwa jeupe lililozungukwa na zambarau inayowaka juani. Jike lake ni la rangi ya chungwa na ncha nyeusi zenye utepe mweupe, halifanani na dume hata chembe. Linafanana na kipepeo wa aina nyingine kabisa, ambaye viwavi wake hula mpamba mwitu, mmea wa utomvu mweupe wenye sumu ya moyo. Sumu ile hubaki mwilini mwa kipepeo hata akishakua, ndege akimla hutapika na hamsahau. Jike letu halina sumu yoyote. Limevaa tu nguo za mwenye sumu, na ndege wanaliogopa.

Ukiwa na nafasi, mpamba mwitu mmoja kwenye kona kavu utamleta huyo mwenye sumu naye, na utawaona wawili hao pamoja. Ukikata mmea huo vaa glavu, na utomvu wake usikaribie macho. Vivyo hivyo mbarika, mmea wa mbono: kuna kipepeo wa kahawia mwenye utepe wa rangi ya dhahabu anayeulea uzao wake juu yake, lakini mbegu zake ni sumu kali. Mwenye watoto wadogo nyumbani asiupande. Mimi niliung'oa mjukuu wangu wa kwanza alipoanza kutambaa.

Kunde na mbaazi huenda unazo tayari. Vipepeo wadogo wa buluu wenye vijimkia vyembamba kama unywele hutaga kwenye maua yake, na viwavi wao hutoboa maganda machanga. Hasara ni ndogo. Ongeza shina mbili tatu.

Sasa nije kwenye mti ninaoupenda kupita yote, mkilua. Bibi yangu alikuwa na mmoja nyuma ya jiko. Siku za harusi alichuma vilua akavifunga na mrehani na asumini, akatengeneza vikuba vya kutia kifuani na nyweleni, na harufu ile ikakaa ndani ya nguo mpaka kesho yake. Wataalamu wa mimea walipokuja kuupa jina la kisayansi waliliacha Kiswahili lilivyo, wakauita Mkilua fragrans, jenasi nzima imebeba jina letu. Ni wa ukoo wa mstafeli na mtomoko, na ukoo huo ndio unaolea vipepeo wa mabawa marefu yenye madirisha ya kijani au meupe, wanaoruka kasi kama mshale. Panda mkilua kama utaupata. Panda na mstafeli, ambao wala hautafuti kisingizio: ukikosa vipepeo utapata mastafeli.

Mwenye shamba, si uani tu, aende mbali zaidi. Mbaraka hulea vipepeo weupe wa kijani hafifu ambao miaka mingine hupita mjini kwa makundi. Mbambakofi, mti ule ule ambao milango ya Lamu imechongwa kwao, hulea wale wakubwa wenye nguvu wa jamii ya Charaxes. Mbambakofi hukua polepole, unaupandia wajukuu. Kwa miche ya miti ya asili uliza kituo cha utafiti wa misitu cha KEFRI kilichoko Gede, au vitalu vya vikundi vya wanakijiji wanaoishi kando ya msitu. Usiende kung'oa miche msituni, na usibebe viwavi wala vipepeo kutoka humo. Msitu ule unalindwa kwa sheria, na mmea ukishakuwa uani kwako mwenyewe kipepeo ataufuata kwa harufu.

MAUA, NA MACHACHE YA KUEPUKA

Kipepeo mzima hunywa mbochi, maji matamu yaliyo ndani ya ua, kwa mrija anaoukunja kama kamba ya nanga. Anapenda maua madogo mengi yaliyokaa pamoja, ambapo anaweza kutua mara moja akanywa mara ishirini.

Mrehani uachie utoe maua. Tunaukata kila wiki kwa ajili ya harufu na mboga, na ni vizuri, lakini acha shina moja kati ya matatu lichanue. Nyuki na vipepeo wadogo hawatoki hapo mchana kutwa. Zinia hufanya vizuri kwenye mchanga wetu. Chagua zile za petali safu moja, kwa sababu zilizofumbata petali nyingi zimefunika mbochi. Pentasi, ambazo asili yake ni huku kwetu Afrika, huchanua karibu mwaka mzima ukizikata vichwa vilivyokauka. Panda mafungu ya aina moja, mashina matano au sita pamoja, maana kipepeo huona fungu kubwa la rangi akiwa mbali, na shina mojamoja lililotawanyika hulipita.

Lantana usipande. Najua vipepeo wanaipenda, na najua imejaa kwenye nyua nyingi za hapa. Ndege hula matunda yake na kuzitawanya mbegu, halafu vichaka vyake hufunika mimea ya asili ambayo vipepeo hutaga juu yake. Unawalisha leo na kuwavunjia nyumba kesho. Bogenvilia nayo ni uzio mzuri, lakini ile rangi kali ni ya majani. Ua lenyewe ni kile kijineli cheupe cha katikati. Usiihesabu kama chakula.

Usiku nao una wageni wake. Asumini hufunguka magharibi kwa ajili ya nondo, na wapo nondo wakubwa wenye mrija mrefu wanaoning'inia hewani mbele ya ua bila kutua. Hao ndio wanaopeleka chavua cha mpapai kutoka mti dume hadi mti jike. Mpapai ukichanua na usizae, pengine hawakufika. Zima taa nyeupe ya nje ukienda kulala, kwani nondo huizunguka mpaka wakachoka wakaanguka. Kama lazima pawe na mwanga, tia balbu ya manjano.

EMBE LILILOOZA NA BAKULI LA TOPE

Wale wakubwa wa Charaxes huwaoni kabisa kwenye maua. Wanataka matunda yaliyochacha. Msimu wa maembe, mwisho wa mwaka, usiyazike yote yaliyoanguka. Chukua embe au ndizi mbivu kupita kiasi, ponda, tia sukari kidogo, funika siku mbili au tatu mpaka itoe harufu kama tembo la mnazi, kisha weka kwenye kifuu cha nazi na kukining'iniza kwenye tawi la kivuli, juu ya usawa wa kichwa. Pakaa grisi kwenye kamba, sisimizi wasiteremke. Mara ya kwanza nilipofanya hivi alikuja mmoja saa sita ya mchana, mabawa yake yakiwa yamefungwa kama jani kavu, akanywa mpaka nikaweza kumsogelea uso kwa uso. Ondoa ukiona ukungu mweupe, weka kingine.

Pia wape tope. Madume hunyonya chumvi kutoka kwenye udongo uliolowa, chumvi ambayo humpa jike wakati wa kupandana kwa ajili ya mayai. Bakuli pana, mchanga, konzi moja ya samadi, maji mpaka mchanga ulowe bila maji kusimama juu. Tia mawe mawili matatu bapa, ya kuotea jua. Hakuna kitu rahisi kuliko hiki, na asubuhi ya joto unaweza kukuta vipepeo weupe kumi wamejipanga pale.

NDEGE NA WENGINEO

Bustani ikishakuwa na viwavi, ndege watakuja kuwala. Usihuzunike. Chozi, wale ndege wadogo wenye mdomo uliopinda wanaonyonya maua, na mnana anayefuma kiota chake kwenye mnazi, wote hulisha makinda yao wadudu, hata kama wenyewe hula mbochi au mbegu. Kipepeo hutaga mayai mengi sana kwa sababu hiyo.

Maji ya ndege yasipite kina cha vidole viwili, katika sinia au kigae kilichowekwa juu ya kigogo kirefu paka wasikofika. Yamwage kila baada ya siku mbili. Mbu hahitaji zaidi ya wiki moja au siku kumi kutoka yai hadi kuruka, na hatutaki kuleta malaria kwa jina la ndege. Nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao kavu waachie gogo bovu mahali, maana bila wao mkarakara hauzai.

Kunguru ndio adui wa kweli. Hawa wa shingo ya kijivu si wenyeji, waliletwa kutoka Asia, na hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja katika miji ya pwani, Malindi ikiwamo. Uani kwako unachoweza ni kutomwaga matumbo ya samaki wazi. Zika, au tia kwenye ndoo yenye kifuniko.

Majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani, wanataka hekima. Kwenye mnazi ni walinzi, huua mdudu anayenyonya nazi changa zikaanguka, kwa hiyo usiwachome. Kwenye mdimu wanakula kila kiwavi. Kata matawi yanayogusana na mti mwingine, funga kitambaa kwenye shina na ukipake grisi, ukipake tena kila mwezi.

Na kinyonga. Huku kwetu watu wengi wanamwogopa, wengine humpiga mawe. Hana sumu, haumi kwa kudhuru, na anakula nzi. Kama wa nyumbani wanahofia nyoka, acha mita tatu kutoka mlangoni zikiwa zimefagiliwa safi, na majani makavu na magogo yakae mwisho wa uani.

DAWA

Nimeanza na mwarobaini na narudi kwake, kwa sababu wengi wetu tunasema ni dawa ya asili haina madhara. Kwa binadamu na kuku, huenda. Kwa kiwavi, mwarobaini humvuruga asiweze kujivua gamba na kukua, awe kiwavi wa kipepeo au viwavijeshi wa mahindi. Haubagui. Kwenye bustani hii usiupige, na sumu za dukani ndiyo kabisa. Vidukari wakishambulia kunde, wasugue kwa vidole au uwapake maji ya sabuni pale pale walipo, baada ya kuangalia chini ya jani kama kuna yai. Ukinunua mche uliopigwa dawa kitaluni, uoshe majani na uuweke kando wiki kadhaa kabla ya kuupeleka kwa wenzake.

KUNGOJA

Ukipanda Aprili, talakushe itakuwa na wageni kabla ya Juni. Mdimu mchanga utangoja mwaka au miwili, isipokuwa umenunua uliokwisha kukua.

Kiwavi wa mdimu hula kwa wiki tatu hivi, kisha siku moja huacha kula na kutangatanga. Usimrudishe kwenye jani. Anatafuta kijiti, na akikipata hujifunga uzi mwembamba kiunoni kama mkwezi wa mnazi, akajivua ngozi mara ya mwisho na kugeuka pupa, ya kijani akiwa katikati ya majani, ya kahawia akiwa kwenye mti mkavu. Kipindi hicho usipogoe mti. Funga kijitambaa chekundu karibu na kila pupa unayoiona, ili na mwenye panga akione.

Hukaa hivyo wiki mbili hadi tatu. Siku ya mwisho ganda hupungua rangi, ukiliangalia kwa makini utaona weusi na umanjano wa mabawa umekunjwa ndani. Kesho yake asubuhi, mara nyingi kabla jua halijawa kali, litapasuka. Atatoka amelowa, mabawa yamesinyaa kama kitambaa kilichokamuliwa, na atapanda akaning'inia kichwa juu. Utatamani kumsaidia kuyakunjua. Usimguse, ukiyagusa yatakauka yamepinda na hataruka kamwe. Waite watoto, kaeni mbali hatua mbili, na mngoje saa moja au mbili.